Saa ya mfukoni pale Taipei: zawadi ya waziri na jibu la meya

Kisa hiki kilitokea Jumatatu ya tarehe 26 Januari 2015, na mtu yeyote akiniuliza habari za zawadi na Wachina huwa namwelekeza hapa kwanza, manake ndani yake kuna kila kitu, kuna mila, kuna ushirikina, kuna methali, kuna siasa, alafu kuna watu wawili wazima wenye elimu zao na vyeo vyao ambao mmoja alimkwaza mwenzie bila kujua na mwenzie akajibu bila kufikiria.

Mgeni alikuwa Susan Kramer, Baroness Kramer, wakati huo waziri wa nchi anayeshughulika na uchukuzi kwenye serikali ya Uingereza. Mwenyeji alikuwa Ko Wen-je, meya wa Taipei, mji mkuu wa Taiwan, ambaye ndo kwanza alikuwa na kama mwezi mmoja ofisini, kaapishwa 25 Desemba 2014. Uingereza haina ubalozi rasmi Taiwan, ina ofisi tu, kwa sababu ya ule mvutano wa siku zote na Beijing, ambayo inaihesabu Taiwan kuwa sehemu ya China, kwa hiyo waziri wa London akitia mguu pale inakuwa shughuli, kamera zimejaa, kila kitu kinaangaliwa. Wakakutana, wakasalimiana, zawadi ikatolewa, na zawadi yenyewe ikawa saa ya mfukoni.

Waandishi wa habari wa pale wakashtuka. Wakamuuliza meya, hivi unajua umepewa nini? Na meya badala ya kulainisha akajibu kwamba saa ile haina kazi kwake, anaweza akamgawia mtu mwingine au akaipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu akapata hela. Habari ikasambaa, ikafika Ulaya, na Kramer akalazimika kutoa taarifa ya kuomba radhi, akasema kila siku mtu anajifunza jambo jipya, hakuwa na habari kabisa kwamba zawadi kama ile inaweza kuonekana vibaya, kwao Uingereza saa ni kitu cha thamani kwa sababu hakuna kitu muhimu kuliko muda.

Kisa chenyewe ndo hicho, kifupi tu. Ila watu wengi wanakisimulia kama mzaha, Mzungu kampa Mchina saa, ha ha, wanapita. Mimi naona pale kuna makosa matatu tofauti na yamebebana, na lile linalotajwa sana ndo dogo kuliko yote.

Tuanze na saa. Kumpa mtu saa kwa Kichina ni song zhong, na hayohayo matamshi, song zhong, yakiandikwa kwa herufi nyingine ndo kumsindikiza mzazi kwenye pumzi zake za mwisho na kumzika. Hapa lazima niseme kitu ambacho maelezo mengi ya mtandaoni yanakiruka, kile kitendo chenyewe cha kumsindikiza mzazi si kibaya hata kidogo, kinyume chake ni heshima kubwa mno, ndo wajibu wa mwisho wa mtoto, na mtu kufa bila mtoto wa kumsindikiza ni jambo linaloogopwa na hata kutumika kama laana. Ubaya unakuja pale kinapoelekezwa kwa mtu mzima wa afya anayekunywa chai yake, tena na mtu ambaye si mwanae. Ko alikuwa na miaka 55 tu. Kumpa saa ni sawa na kumwambia nimekuja kukuzika, na anayesema ni mgeni asiyehusika na mazishi yako kwa namna yoyote.

Ukishalielewa hilo la sauti basi umeshapata ufunguo wa nusu nzima ya miiko ya Kichina, kwa sababu sehemu kubwa inaendeshwa na sauti. Nne inasikika kama kufa, ndo maana majengo mengi yana lifti inayoruka ghorofa ya nne. Mwavuli unasikika kama kutawanyika, kwa hiyo haupewi marafiki. Kugawana tunda la pea kunasikika kama kutengana, ndo maana wapenzi hawakati tunda moja la pea wakala nusu kwa nusu. Upande wa heri ni hivyohivyo, nane inakaribiana na neno la kutajirika na ndo maana Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2008 saa 2 kamili usiku, na mkesha wa mwaka mpya lazima samaki awe mezani na wengine wanamwacha makusudi asiishe, kwa sababu samaki na ziada zinatamkwa sawa, mwaka uishe na kitu kimebaki.

Na kuna tabia moja ambayo mimi naipenda kuliko zote. Bakuli likidondoka likapasuka nyumbani siku za mwaka mpya, ambazo ndo siku za kuchunga mdomo na mikono kuliko zote, hakuna kukemeana. Mama au bibi wa nyumba anawahi kusema suisui ping'an, yaani amani mwaka hata mwaka, kwa sababu kupasuka na mwaka vinasikika sawa, sui, alafu vile vipande vinaokotwa vinafungwa kwenye karatasi nyekundu. Na mtoto akiropoka neno la kifo mezani mtu mzima anasema maneno ya mtoto hayana mwiko, basi, chakula kinaendelea. Shika sana hili, kila mwiko una dawa yake pembeni na watu wanaijua tangu wadogo. Nitalirudia mbele kwa sababu ndo kiini cha kesi yenyewe.

Sasa, je, Kramer alivunja mwiko kweli? Hapa ndo pananoga. Kichina kina maneno mawili kwa kile sisi tunachoita saa. Zhong ni saa kubwa, ya ukutani, ya mezani, ya mnara, hata kengele. Ya mkononi na ya mfukoni inaitwa biao. Aliyoitoa Kramer ni biao. Ukikaa na sheria ya sauti kama ilivyo, hakuna song zhong pale, kuna song biao, na song biao haina mazishi yoyote ndani yake.

Tena saa ya mkononi ina historia ya furaha. China Bara miaka ya 1970 kijana akitaka kuoa alitarajiwa kuwa na vitu vilivyoitwa vitatu vinavyozunguka na kimoja kinacholia, yaani saa ya mkononi, baiskeli, cherehani, na redio. Saa ya chapa ya Shanghai mkononi mwa bibi harusi ilikuwa jambo la kuonyesha mtaa mzima. Hakuna aliyesema huyu mkwe anataka kutuzika.

Na ukirudi nyuma zaidi ndo unachoka. Matteo Ricci, yule padri Mjesuti, mwaka 1601 alifika Beijing na miongoni mwa vitu alivyompelekea mfalme Wanli zilikuwemo saa, saa zenye kengele, zhong kabisa, na zikampatia njia ya kubaki mjini kwa sababu kulihitajika mtu anayejua kuzitunza. Mwaka 1793 Lord Macartney alivyokwenda kwa mfalme Qianlong kwa niaba ya Mfalme George wa 3 alibeba saa na mitambo ya nyota, na ugomvi uliotokea pale ulikuwa juu ya kupiga magoti na kugusa sakafu kwa kichwa, zawadi za saa hazikuwa tatizo. Qianlong alizipenda saa mno. Leo ukiingia kwenye Jumba la Makumbusho la Mji Haramu Beijing, lile kasri la wafalme wa zamani, kuna ukumbi mzima wa saa, na nyingi ni za kutoka London, zile zenye ndege wa dhahabu na maua yanayofunguka kila saa ikigonga. Kwa hiyo Waingereza walishawapelekea watawala wa China saa zaidi ya miaka 200 iliyopita na zilipokelewa na kuwekwa mahali pa heshima.

Najua kuna atakayesema basi mwiko ni uzushi. Hapana, usifike huko. Mwiko upo, upo leo, na muulize mtu yeyote wa Taipei au Guangzhou au Wachina wa Malaysia atakwambia hivohivo. Ninachosema ni kwamba mwiko una mipaka yake, ulikuwa na watu wake na mahali pake, zawadi ya heshima kwa mfalme ni jambo moja na saa anayoletewa mzee wa familia siku yake ya kuzaliwa ni jambo lingine, na baada ya muda ukavuka hadi kwenye saa za aina zote kwa sababu mtu mwangalifu anaona heri aache zote kuliko kuanza kubishana na sarufi mbele ya mgeni wake. Kwetu pwani ukienda dukani usiku ukaomba sindano, muuzaji anakwambia hamna na sindano unaiona hiyo hapo kwenye kopo. Hajakaa akachambua, ameacha tu.

Pia angalia kalenda. Mwaka mpya wa Kichina wa 2015 uliangukia tarehe 19 Februari. Ile zawadi ilitolewa wiki tatu na siku chache kabla, kipindi ambacho watu wanaanza kulipa madeni, kufagia nyumba, kuchagua maneno. Ingetolewa mwezi wa sita sidhani kama ingewaka vile.

Kwa hiyo kosa la kwanza, la zawadi, ni dogo na lina mjadala. Kosa la pili ni la maofisa wa mgeni. Waziri hachagui zawadi peke yake, kuna watu wanaandaa ziara, na Taipei ina watu ambao ungewauliza swali moja tu wangekujibu kwa dakika mbili. Tena Wachina wenyewe walishaliandika zamani kabisa kwenye Liji, kitabu cha kale cha adabu: ukivuka mpaka uliza makatazo, ukiingia nchi uliza desturi, ukiingia mlangoni kwa mtu uliza majina yasiyotajwa. Ona mpangilio wake, mpaka, nchi, mlango. Kila hatua unayosogea karibu na mtu swali linakuwa la ndani zaidi. Waswahili tunasema ukienda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho, ila Liji wanataka uulize kwanza kabla hujafika kwenye kuvunja.

Kosa la tatu ndo kubwa, na hapa nitasema wazi kwamba namlaumu meya.

Ko Wen-je si mtu wa mila. Ni daktari wa upasuaji, kafanya kazi miaka mingi hospitali ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan kwenye wagonjwa mahututi, kaona vifo vingi kuliko sisi wote tunaosoma hapa, na kabla ya siasa alikuwa ameshajulikana kwa kuongea hadharani na kwa utulivu kuhusu kifo. Mtu kama huyo saa haimtishi. Kwa hiyo jibu lake halikutoka kwenye hofu. Lilitoka kwenye kutojali, na anajulikana kwa mdomo usio na breki, baadhi ya wapiga kura walimpendea hilohilo, wamechoka na wanasiasa wanaoongea kama wanasoma risala.

Lakini Taiwan hiyohiyo ya kisayansi ina namna yake ya kuishi na haya mambo, na Ko katoka ndani yake kabisa. Hospitali za kule, hasa wodi za dharura, watu wa zamu hawataki kuona nanasi, kwa sababu kwa Kitaiwan jina lake linasikika kama heri inakuja, neema inamiminika. Kwa mwenye duka hiyo ni baraka, siku ya ufunguzi nanasi linawekwa mbele kabisa, lakini kwa nesi wa zamu ya usiku neema ikimiminika maana yake ni magari ya wagonjwa hayakatiki. Tunda lilelile, jina lilelile, pale heri na hapa balaa. Na wahandisi wa kompyuta wanaweka juu ya mitambo yao mfuko wa vitafunwa vya mahindi vya Kuai Kuai, lazima uwe wa rangi ya kijani kwa sababu taa ya kijani ndo mashine iko salama, na jina lenyewe ni kama kumwambia mtoto tulia, kuwa na adabu. Lazima usiwe umepita muda wake wa matumizi. Ukiuliza hawa wahandisi, wenye shahada zao, kama wanaamini vitafunwa vinalinda seva, wengi watacheka. Lakini mfuko ukiisha muda wanaubadilisha.

Ndo maana nasema kuamini au kutoamini hapa hakuna uzito watu wanaoupa. Adabu ya Kichina haikuulizi unaamini nini, inakuuliza utafanya nini ili mwenzako asibaki na kinyongo, awe kaleta nanasi wodini au saa ofisini. Na kwa saa hasa dawa ipo, rahisi mno, kila mtu anaijua. Aliyepewa anatoa sarafu moja, dola moja ya Taiwan au yuan moja, anamkabidhi aliyempa. Basi. Hapo si zawadi tena, ni biashara, mmeuziana, na saa ya kununuliwa haimziki mtu. Dawa hiyohiyo inatumika kwa kisu na mkasi, ambavyo vinahesabiwa kukata urafiki.

Hebu ichukue ile picha uirudishe nyuma. Kramer ametoa saa, waandishi wameguna, meya anaingiza mkono mfukoni anatoa sarafu moja, anampa waziri kwa mikono miwili, anaeleza kwa sentensi mbili kwa nini. Waziri anajifunza desturi palepale bila aibu, waandishi wanapata habari tamu, na ile sarafu inakwenda London kuwa kitu cha kuonyesha wageni. Gharama yake ni dola moja ya Taiwan. Badala yake mgeni kasikia kwenye vyombo vya habari kwamba zawadi yake itauzwa kwa kilo pamoja na mabati.

Na methali zote za kwao ziko upande wa mgeni, hili ndo linaniuma. Wana msemo kwamba asiyejua hana hatia. Wana ule mwingine mkubwa wa unyoya wa bata bukini uliobebwa kutoka li elfu, li ikiwa kipimo cha Kichina cha kama nusu kilomita, zawadi nyepesi lakini mapenzi mazito. Hadithi yake inasimuliwa hivi, enzi za ukoo wa kifalme wa Tang kulikuwa na mjumbe aliyetumwa kumpelekea mfalme ndege mzuri sana, njiani akasimama ziwani amwogeshe ndege, ndege akaruka akaenda zake, mkononi umebaki unyoya mmoja. Jamaa hakukimbia. Akaendelea na safari na ule unyoya, akafika mbele ya mfalme akaeleza kilichotokea, na mfalme akaupokea. Watoto wa shule wanaujua msemo huu. Na Liji ileile niliyoitaja inasema adabu ni kwenda na kurudi, nikikuletea usiporudisha si adabu, nami ukiniletea nisiporudisha si adabu. Mgeni alikosea kwenye kwenda, ndio, lakini jibu la chuma chakavu ni kurudi kwa namna gani?

Kuna wanaomtetea Ko kwamba alikuwa mkweli, na kwamba hata kuitaja ile saa kama nuksi ingekuwa ushirikina usiomfaa daktari. Nimeufikiria huu utetezi na naona una nguvu kidogo upande mmoja tu, kwamba hakusema ameudhiwa, hakusema katukanwa, na angeweza. Lakini ukweli wake uligharimu mtu mwingine, mtu aliyesafiri nusu ya dunia, na siku ile yeye alikuwa anaongea kwa mdomo wa mji mzima.

Sasa kwetu. Hili linatuhusu moja kwa moja kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ofisi za Tanzania na Kenya zina mazoea ya kufunga mwaka kwa kugawa kalenda, daftari, na saa ya ukutani yenye nembo ya kampuni. Saa ya ukutani. Zhong yenyewe, haina hata ule mjadala wa biao uliomwokoa Kramer nusu. Na kampuni hizohizo siku hizi zina wabia Wachina, zina mafundi Wachina, zina mawakala Guangzhou na Yiwu, na zawadi inakwenda mwezi wa 12 au wa kwanza, karibu kabisa na mwaka mpya wao. Mchina wa watu ataipokea kwa mikono miwili, atatabasamu, atashukuru, na hutamwona meya Ko usoni mwake. Ila usitegemee kuiona imetundikwa.

Kama imeshatoka, usianze kujieleza dakika 20. Muombe sarafu ya shilingi mia kwa uso mkunjufu, mwambie mmeuziana, atakuelewa mara moja na pengine atafurahi kuliko ungempa kitu kingine.

Na kama bado hujanunua, peleka kanga. Nasema kwa uzito kabisa, kanga inakuja doti, vipande viwili, na Wachina wana msemo kwamba mambo mema huja kwa jozi, alafu ina maneno yake pale chini ambayo utakaa umweleze, na wao ni watu wanaopenda kitu chenye maneno ya heri. Chagua nyekundu, au yenye manjano, epuka iliyotawaliwa na nyeupe na nyeusi kwa sababu nyeupe kwao ni ya msiba, na soma jina vizuri usije ukampa ya mafumbo ya uke wenza. Kahawa ya Kilimanjaro au korosho za Mtwara pia ni salama, pakiti mbili, sita au nane, zisiwe nne. Karatasi ya kufungia iwe nyekundu. Asipoifungua mbele yako usijisikie vibaya, ndo adabu yao, na akikataa mara ya kwanza na ya pili sogeza tena, ya tatu atapokea.